Tarehe ya pakiti si hukumu, na kuchemsha si dawa ya kila kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ulioanzishwa na wasomaji wawili walioandika hivi karibuni kuhusu kutengeneza bia nyumbani kwa viambato vilivyokaa muda mrefu. Msomaji wa kwanza alishauri kwamba chochote kilichopitwa na tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti kimwagwe siku hiyo hiyo bila maswali. Wa pili akamjibu kwamba huo ni woga wa bure, kwa kuwa bia huchemshwa kwa saa nzima, na hakuna kibaya kinachoweza kuhimili saa nzima jikoni. Nimezisoma barua zote mbili zaidi ya mara moja. Wa kwanza atawafanya watu watupe vitu vizima. Wa pili, nasema hili bila kumvunjia heshima, anaweza kumdhuru mtu.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili. Huu ni mwaka wangu wa 14 wa kutengeneza bia kwa matumizi ya nyumbani kwangu, lakini katikati kuna kipindi cha karibu miaka 3 ambacho sikuwasha jiko hata mara moja, kwa sababu za kiafya zisizomhusu msomaji. Nilipopata nafuu na kurudi stoo nilikuta kila kitu pale nilipokiacha: kiroba cha kimea cha shayiri kilichobaki nusu, mfuko mdogo wa kimea kilichokwisha kusagwa, makopo 2 ya kimea kizito (maji ya kimea yaliyokolezwa yakawa kama asali), pakiti 3 za hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu), pakiti 4 za hamira kavu, na vikorokoro vingine vya kazi hiyo. Hapakuwa na hata kimoja ambacho tarehe yake ilikuwa haijapita. Kwa ushauri wa msomaji wa kwanza ningevimwaga vyote. Kwa ushauri wa pili ningevitia vyote sufuriani. Mimi nilikaa chini nikavichambua kimoja kimoja, na kazi hiyo ilinichukua siku nzima ya mapumziko.

Nianze na tarehe yenyewe. Kwa vyakula vingi vikavu tarehe ile ni ahadi ya mtengenezaji kwamba hadi siku hiyo ubora utakuwa kama alivyoukusudia, mradi kitu kimehifadhiwa alivyoelekeza. Haisemi kwamba siku inayofuata kitu kimegeuka sumu. Kwa upande mwingine, haisemi chochote kuhusu pakiti iliyofunguliwa, iliyopata unyevu, au iliyokaa juu ya kabati lililo karibu na jiko. Hopsi iliyofungwa bila hewa na kuwekwa kwenye baridi kali inaweza kuwa na hali nzuri mwaka mzima baada ya tarehe yake, na hopsi ya mwaka huu huu iliyoachwa wazi kwenye joto ikawa imekwisha kabla tarehe haijafika. Kwa hiyo swali la kwanza ni kiambato kimekaa wapi, ndipo lifuate la kimekaa muda gani.

Katika viambato vyote, hamira ndiyo iliyo hai, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kabla ya vingine. Agizo maarufu la Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, la mwaka 1516 liliruhusu bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu; hamira haikutajwa kabisa, kwa sababu watu wa wakati ule hawakujua kwamba kuna kiumbe kinachofanya kazi ndani ya pipa. Leo tunajua. Kiumbe hicho huzeeka na kufa hata kikiwa kimekaushwa na kufungwa vizuri, na kasi ya kufa hutegemea joto. Makadirio yanayotumiwa na watengenezaji wengi wa nyumbani ni kwamba hamira kavu hupoteza takribani asilimia 4 ya uhai wake kwa mwaka ikiwa kwenye friji, na takribani asilimia 20 kwa mwaka ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Ukipiga hesabu ya miaka 3 utaona kwamba ya friji itakuwa imebaki na karibu asilimia 88, na ya chumbani karibu asilimia 51, yaani nusu. Hamira ya majimaji haivumilii hata kidogo. Hata ndani ya friji huhesabiwa kwa miezi, haihesabiwi kwa miaka.

Pakiti zangu 4 zilikuwa mfano mzuri, kwa kuwa 2 zilikuwa kwenye friji na 2 zilisahaulika ndani ya sanduku la stoo. Nilichukua bilauri 2 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi nyuzi 35, nikatia sukari kidogo sana katika kila moja, kisha nikanyunyiza ncha ya kijiko ya hamira kutoka kila upande. Huwa sijaribu pakiti nzima kwa njia hii, kwa sababu hamira kavu hutengenezwa ikiwa na akiba yake ya nguvu, na si busara kuimaliza akiba hiyo kwenye bilauri kabla ya kazi yenyewe. Ndani ya dakika 15 hamira ya friji ilikuwa imevimba juu ya maji kama malai, na harufu yake ilikuwa ya mkate unaoumuka. Ile ya sandukuni ilizama, ikatulia chini kama tope la mtaroni, na hata baada ya nusu saa juu yake palikuwa na viputo vichache tu vilivyopanda kimoja kimoja kwa kusitasita.

Mtu atasema: si hatari, itachelewa tu, hatimaye itafanya kazi. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Maji matamu ya kimea yaliyopoa ni chakula kizuri cha kila kijidudu kilichopo hewani na vyomboni. Bia iliyokamilika hulindwa na mambo kadhaa kwa pamoja: alkoholi, uchungu wa hopsi, gesi ya kaboni, ukosefu wa oksijeni, na asidi, kwa kuwa uchachushaji huteremsha kipimo cha pH kutoka kwenye 5.3 hivi hadi chini ya 4.5. Lakini kabla hamira haijaanza kazi, sehemu kubwa ya ulinzi huo haipo. Hamira yenye nguvu huanza ndani ya saa chache na kuwatangulia wavamizi. Hamira dhaifu huacha mlango wazi kwa siku moja, mbili, hata tatu. Wale wanaosema kwamba ndani ya bia hakiishi kijidudu cha kumdhuru binadamu wanasema kweli kuhusu bia. Hawasemi kweli kuhusu ndoo ya maji ya kimea ambayo haijachachuka kwa siku 3. Ndoo ya namna hiyo, ikiwa imeanza kunuka au kuota utando kabla ya povu la hamira, mimi huimwaga na sionji.

Kwa hiyo hamira ya zamani niliyoikuta sandukuni sikuitia kwenye bia, na pia sikuitupa. Niliitia sufuriani wakati maji ya kimea yanachemka. Hamira iliyokufa ni chakula cha hamira hai, na pakiti iliyoshindwa kuchachusha inaweza kuilisha ile iliyoshika kazi. Kwa mtu mwenye hamira dhaifu kiasi ambayo haijafa yote, iko njia ya kuiamsha: gramu 100 za unga wa maji ya kimea yaliyokaushwa (si kimea kilichosagwa) katika lita 1 ya maji, zichemshwe, zipozwe, kisha hamira iachwe izaliane humo siku moja au mbili kabla ya siku ya kazi. Ni usumbufu, na kwa maoni yangu pakiti mpya ya hamira ndicho kitu ambacho mtu hapaswi kukionea uchungu. Ukiwa na viambato vya zamani vya kila aina na unaweza kununua kimoja tu kipya, nunua hamira.

Hopsi ni habari nyingine, na nakiri kwamba hapa ndipo napenda kukaa. Uchungu wa bia hutoka kwenye asidi za alfa zilizomo ndani ya maua ya hopsi, ambazo zikichemshwa hubadilika umbo na kuyeyuka. Harufu nzuri hutoka kwenye mafuta yake mepesi. Vyote viwili huharibiwa na hewa na joto, lakini si kwa kasi moja, na mafuta ndiyo yanayotangulia kupotea. Kila aina ina uvumilivu wake. Cascade, hopsi ya Marekani inayopendwa na watu wengi, hupoteza karibu nusu ya asidi zake za alfa ikikaa miezi 6 katika nyuzi 20, ilhali Magnum ya Ujerumani katika hali hiyo hiyo hubakiwa na asilimia 80 au zaidi. Kanuni ya jumla ni kwamba kasi ya kuharibika hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 15, ndiyo maana pakiti iliyofyonzwa hewa na kuwekwa kwenye jokofu la kugandisha inaweza kudumu miaka.

Pakiti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, imefungwa na kukauka kama tofali kwenye jokofu. Nilipoikata ilitoa harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi, na rangi yake ilikuwa ya kijani. Ya pili ilikuwa imefunguliwa na kufungwa kwa mpira. Niliimimina kiganjani, punje zake zilikuwa za rangi ya kahawia, zilivunjika kuwa vumbi kwa kuguswa, na nilipozisugua na kuinusa mikono ilinijia harufu ya jibini kuukuu, au kwa maneno ya mke wangu aliyekuwa anapita, soksi za mchezaji mpira. Harufu hiyo ina jina lake. Ni asidi ya isovaleriki, inayotokana na asidi za hopsi zinapoungana na oksijeni, na ndiyo hiyo hiyo inayopatikana kwenye jibini na kwenye miguu iliyolowa jasho. Si sumu kwa kiasi kinachopatikana humo. Sehemu yake huondoka na mvuke sufuria ikichemka bila kifuniko, lakini ukiitia hopsi ya namna hiyo mwishoni, au ndani ya ndoo baada ya bia kupoa, utainywa harufu hiyo hadi chupa ya mwisho.

Hapa msomaji wa kwanza ataniambia: basi si umekubali kwamba inafaa kutupwa? Sivyo. Katika bonde la mto Senne na eneo la Pajottenland, kandokando ya Brussels nchini Ubelgiji, kuna watengenezaji wa bia iitwayo lambic ambao hutumia hopsi iliyokaa mwaka mmoja hadi mitatu, na huizeesha kwa makusudi. Bia yao huchachushwa na hamira na bakteria wa hewani, ikakaa kwenye mapipa ya mbao kwa miaka. Wanahitaji hopsi nyingi iwazuie baadhi ya bakteria wasitawale, lakini hawataki uchungu wala harufu ya maua yake. Hopsi iliyozeeka huwapa ulinzi huo na kuwaachia uchungu mdogo. Kinachotupwa na mmoja kwa sababu ya tarehe, mwingine hukingoja kwa miaka.

Simshauri mtu anayeanza kutengeneza bia aige lambic. Ninachosema ni kwamba hopsi ya zamani ambayo haijanuka vibaya inafaa kwa kutia uchungu, ikichemshwa dakika 60, mradi ukubali kwamba namba ya asidi za alfa iliyoandikwa kwenye pakiti si kweli tena. Pakiti iliyoandikwa asilimia 8 huenda sasa ni 5 au 4, na bila maabara hakuna anayeweza kukuambia ni ngapi hasa. Maabara hupima mwanga unaonyonywa na hopsi iliyoyeyushwa, katika urefu wa mawimbi wa nanomita 275 na 325, na uwiano wa vipimo hivyo huonyesha imeharibika kiasi gani. Nyumbani tuna pua tu. Mimi hukadiria kwa kuzingatia muda na mahali ilipokaa, nikaongeza kiasi kwa theluthi au hata nusu, na kwa bia hiyo huchagua mtindo ambao haudai uchungu wa kipimo kamili. Harufu sitegemei irudi, kwa kuwa hakuna hesabu ya kuongeza inayorudisha mafuta yaliyokwisha kupaa.

Sasa nifike kwenye kimea, ambapo ndipo barua ya pili ilipokosea kwa namna inayonifanya niandike.

Kimea kizima kilichokauka vizuri hudumu. Kikihifadhiwa mahali pakavu, penye ubaridi, na pasipo wadudu, mwaka mmoja na zaidi si ajabu. Kilichosagwa hudumu kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa ganda limepasuka na hewa na unyevu vimeingia hadi kwenye unga. Kipimo cha haraka ni jino. Nilichukua punje 5 kutoka kwenye kiroba na kuzitafuna moja moja: zilipasuka kwa mlio, zikaacha utamu kidogo kama ganda la mkate. Nikachukua kutoka kwenye ule mfuko uliosagwa: vipande vilikuwa laini, vinapinda badala ya kuvunjika, na ladha ilikuwa ya karatasi la boksi lililonyeshewa. Ladha hiyo ya boksi hutokana na mafuta ya nafaka kuungana na oksijeni, na ikishaanza kwenye kimea huwa haina sababu ya kutoweka kwenye bia. Pamoja na hayo, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hudhoofika kimea kikipata unyevu, kwa hiyo mtu huloweka katika nyuzi 66 kama kawaida na mwisho wa saa anapata maji mepesi yasiyo na utamu uliotarajiwa. Tone la iodini kwenye kijiko cha maji hayo huonyesha hali ilivyo: likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, na kuongeza nusu saa ya kuloweka husaidia ikiwa vimeng'enya havijafa kabisa.

Kiroba changu kilikuwa na fukusi. Niseme wazi kwamba fukusi wachache si mwisho wa dunia. Nilichekecha, nikawatoa, nikaziondoa punje zilizotobolewa, na nikakaza macho kwenye kona ya chini ya kiroba, iliyokuwa inagusa ukuta. Pale ndipo nilipoikuta: punje zilizoshikana bonge ukubwa wa ngumi, zenye unga wa kijani kijivu juu yake, na harufu ya udongo wa chumba kisichofunguliwa dirisha. Nikaacha kuchekecha. Kiroba chote kilienda shimoni, pamoja na zile punje za juu zilizonipa ule mlio mzuri.

Kwa nini, ikiwa vyote vingechemshwa? Kwa sababu kuchemsha huua kuvu, lakini hakuiondoi sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha. Sumukuvu, ile ambayo wengi tumeisikia kuhusu mahindi na karanga, hustahimili joto la maji yanayochemka. Inahitaji joto kubwa kuliko sufuria yoyote ya nyumbani inavyoweza kutoa ndipo ianze kuharibika. Ziko na nyingine, kama zile zinazotokana na kuvu wa jamii ya Fusarium wanaoshambulia shayiri na ngano shambani, ambazo huyeyuka majini na zinaweza kupita kwenye kuloweka, kuchemsha na kuchachusha hadi zikafika kwenye bilauri. Kuvu hao hao huifanya bia ifurike povu mara chupa inapofunguliwa, na watengenezaji wakubwa hulipima jambo hilo kabla ya kupokea shehena ya shayiri. Tena kuvu haionekani yote kwa macho. Bonge moja linaloonekana linamaanisha kwamba unyevu uliingia, na alama zake zinaweza kuwa zimesambaa mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo msomaji wa pili akubali kusahihishwa: saa nzima ya kuchemka ni kinga dhidi ya vijidudu, si kinga dhidi ya sumu walizoziacha. Kimea kilichochoka kinaleta bia mbaya, nayo unaweza kuinywa ukanuna. Kimea chenye kuvu hakinywewi, wala hakipewi kuku au ng'ombe kwa kisingizio cha kutopoteza.

Kimea kizito cha kopo hakina taabu hiyo mara nyingi, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake ni kama asilimia 20 tu na vijidudu vingi havipati nafasi. Kinachotokea humo ni polepole: sukari na protini huendelea kuungana, rangi inakolea mwaka hadi mwaka, na ladha inaelekea kwenye molasi, na wengine husema wino. Kopo langu la kwanza lilikuwa tambarare pande zote mbili, na ndani mlikuwa na kitu cheusi kuliko kilivyoonyeshwa kwenye picha. Nikalitumia kwa bia nyeusi, ambayo haikuona haya kwa rangi hiyo. La pili lilikuwa limevimba kifuniko. Hilo sikulifungua kuonja, sikulitoboa kusikia linalia vipi. Kopo lililovimba lina kitu kinachotoa gesi ndani yake, na miongoni mwa vinavyoweza kufanya hivyo kuna bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao inaweza kuua. Linatupwa likiwa limefungwa, mahali ambapo mtoto au mnyama hatalifikia.

Vitu vingine navipita haraka. Sukari haizeeki. Vizibo vya chupa huzeeka kwa kutu na kwa mpira wa ndani kukauka, nao ukikauka gesi hutoka na bia inabaki bila povu. Dawa ya kutakasa vyombo ndiyo inayosahauliwa na wote: ile yenye klorini hupungua nguvu ikikaa, na mtu aliyepima kwa kijiko kile kile cha zamani anadhani ametakasa ilhali ameosha tu.

Shemeji yangu, aliyesikia kwamba natengeneza bia kwa vitu vya miaka 3, alinipigia simu kwa huruma kuniuliza kama siogopi kupofuka. Namjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengine wana hofu hiyo hiyo. Kinachopofusha ni methanoli, alkoholi yenye sumu, nayo haitengenezwi na umri wa kiambato. Katika uchachushaji hutokana hasa na pektini, ambayo iko kwa wingi kwenye matunda na ni kidogo sana kwenye nafaka, na kiasi kinachopatikana kwenye bia ya shayiri hakifikii cha kumdhuru mtu. Maafa tunayoyasikia hutokana na watu wanaochanganya spiriti za viwandani kwenye vinywaji ili wapate faida, na hilo ni kosa la jinai, si suala la hopsi kuukuu.

Hatari ambayo ningemwomba shemeji aiogope ni chupa. Miaka mingi iliyopita, kabla sijajua ninayoyaandika leo, nilitumia hamira iliyochoka. Maji ya kimea yalianza kwa kipimo cha 1.050 kwenye haidromita (kifaa ambacho namba yake hushuka hamira inavyoila sukari), na baada ya wiki 2 yakasimama 1.024 bila kiputo. Nilidhani imekwisha, nikatia gramu 6 za sukari kwa lita kama desturi, nikafunga chupa na kuziweka stoo. Haikuwa imekwisha, hamira ilikuwa imelala. Hali ya hewa ilipopata joto iliamka na kuendelea kula sukari iliyobaki, ambayo ilizidi mara kadhaa ile niliyoitia mimi. Chupa ya kwanza ilipasuka usiku, ya pili ikapasuka kwa mshtuko wa ya kwanza, na asubuhi nilikuta kipande cha kioo kimechomeka kwenye mbao ya mlango kwa kimo cha jicho langu. Tangu siku hiyo sifungi chupa mpaka haidromita isome namba ile ile kwa siku 3 mfululizo, na namba yenyewe iwe karibu na niliyoitarajia, ambayo kwa bia ile ilikuwa 1.012. Kwa mwenye hamira ya zamani, sharti hilo halina msamaha.

Nimalizie na lalamiko, ambalo kwa haki lilipaswa kuja mwanzoni. Niliporudi kwenye kazi hii nilinunua pakiti mpya ya hopsi kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Tarehe ilikuwa ya mwaka unaofuata, lakini karatasi yake ilikuwa na ukingo ulioinuka, na nilipoichokonoa kwa ukucha nikakuta chini yake karatasi nyingine yenye tarehe iliyopita zamani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu hakukitembeza, alikivika koti. Lakini hata wauzaji waaminifu wanatupa taarifa isiyotosha. Hopsi huvunwa mara moja kwa mwaka, karibu Agosti na Septemba katika nchi za kaskazini mwa dunia, na karibu Februari hadi Aprili katika zile za kusini, na pakiti inayoonyesha tarehe ya kufungashwa tu inaweza kuwa na hopsi iliyovunwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya siku hiyo. Ninaomba wauzaji na wenye mamlaka ya viwango waweke mwaka wa mavuno kwenye kila pakiti ya hopsi, siku ya kutengenezwa kwenye kila pakiti ya hamira, na maelezo ya joto ambalo bidhaa ilihifadhiwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Tukipewa hayo matatu, hatutahitaji sana kubishana kuhusu tarehe ya mwisho.

Na kwako, Ndugu Mhariri, ninaomba habari ya kuvu na kuchemsha uichapishe mapema kuliko mengine yote niliyoandika, hata ikibidi kuikata barua hii, kwa sababu huenda mtu amekwisha kuikata ile ya msomaji wa pili gazetini na kuibandika kwenye ukuta wa stoo yake, juu ya kiroba.

Wako,
Mtengenezaji bia wa nyumbani